Kabla ya kugombania luku, geuzeni hita msome mgongoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wasomaji wenzangu wanaoshikilia kwamba umeme ukiwa mdogo ndipo "unakula" luku. Nimefundisha fizikia sekondari hadi nilipostaafu, na sasa nina nyumba hapa Kihesa, Iringa, yenye wapangaji wanne na mita moja. Mwenye nyumba wa namna yangu hahitaji kutazama tamthilia, ziko uani.

Kipupwe hiki kesi ilimhusu kijana wa chuo anayeacha televisheni ikiongea kutwa. Wenzake walitaka achangie mara mbili. Waliopaza sauti zaidi ni wale wale wenye hita za kuchovya kwenye ndoo. Nikawaambia walete vyombo vyao tusome kilichoandikwa mgongoni. Wanafunzi wangu walikuwa wakiikariri kanuni ya Ohm hata usingizini, lakini sidhani kama kuna aliyewahi kuigeuza pasi ya nyumbani kwao akasoma.

Televisheni: wati 50. Hita: wati 1,500, volti 230. Gawanya wati kwa volti, unapata mkondo wa ampea 6.5 hivi. Gawanya tena volti kwa ampea hizo, unapata ukinzani wa koili (ule waya wa hita unaopata moto), omu 35. Omu hizo ndizo za kushika, kwa sababu koili haibadiliki eti kwa kuwa umeme wa jioni umeshuka. Tuseme volti zimeteremka hadi 190. Gawanya 190 kwa 35: ampea 5.4. Zidisha 5.4 kwa 190: wati 1,030 tu, au karibu na hapo. Volti hazikupungua hata moja ya tano, lakini nguvu imepungua karibu theluthi, maana volti zikishuka zinashuka na ampea, na wati ni zao la vyote viwili.

Kwa hiyo mita inakwenda polepole zaidi, si kasi zaidi. Asiyeamini akaitazame. Yangu imeandikwa kwamba taa yake nyekundu humweka mara 1,000 kwa kila uniti, yaani wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Zima kila kitu, washa hita peke yake, hesabu kwa dakika moja. Umeme ukiwa kamili ni mimweko 25, ukishuka hivyo ni 17. Televisheni peke yake haifikishi hata mmweko mmoja kwa dakika. Tulisimama wote pale ukutani tukahesabu kwa sauti, na jirani akachungulia kuuliza kama kuna maombi.

Kinachowadanganya watu ni muda. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 17 hadi 42 kunahitaji takriban uniti 0.58. Umeme ukiwa mzuri ni dakika 23, ukiwa dhaifu ni 34. Hita imekaa majini muda mrefu, mtu anadhani imekula sana. Imekula karibu kile kile, ukiongeza joto kidogo lililopotea hewani wakati unasubiri. (Friji na pampu msizitie kwenye hesabu hii. Mota ikipata volti ndogo huhangaika, huweza kuvuta ampea nyingi kuliko kawaida na hatimaye kuungua. Hizo zizimeni.)

Sasa chukueni hizo uniti 0.58 mzigawe kwa televisheni ya wati 50. Ni zaidi ya saa 11. Ndoo moja ya kuoga ni sawa na televisheni ya yule kijana tangu asubuhi hadi jioni! Walinyamaza, kisha mama wa chumba cha pili akasema, "Sawa, Mwalimu, lakini sauti apunguze."

Mimi kinachonitisha zaidi ya mchango ni ekstensheni. Niliikuta moja imechomekwa hita mbili, yaani ampea 13, ikiwa imeviringishwa chini ya mkeka. Plagi yake iliandikwa ampea 13, lakini waya wake ulikuwa wa milimita za mraba 0.75, ambao unafaa kubeba ampea 6. Joto la kwenye waya hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu za waya wenyewe, kwa hiyo ukiongeza hita ya pili joto haliwi mara mbili, linakuwa mara nne. Waya huo wa mita 5, kwenda na kurudi, una omu 0.26 hivi: hesabu inatoa wati 44, zimefungiwa ndani ya mpira, juu yake mkeka. Wauza vifaa vya umeme wangetusaidia sana kama wangeandika unene wa waya kwa herufi kubwa kama wanavyoandika bei.

Kwangu hita sasa inachomekwa ukutani tu, moja kwa moja, na mchango wa luku unaanza na ndoo: kila mtu anaandika zake kwenye daftari lililoning'inizwa karibu na mita, taa na televisheni tunagawana sawa. Mama wa chumba cha pili amerudia kuchemsha maji ya kuoga kwa mkaa. Kijana naye ameanza kuandika ndoo za wenzake wanaosahau, jambo ambalo limezua kesi mpya.

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa