Yah: Malalamiko kuhusu mwongozo wenu wa mipangilio ya ukaguzi wa uadilifu wa data

Kwa Meneja, Idara ya Huduma kwa Wateja
Nakala: Timu inayoandika mwongozo wa watumiaji

Ndugu Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni msimamizi wa seva ya msimbo katika ofisi ambayo ni mteja wenu wa kulipia, na seva yenyewe inaendeshwa na programu yenu mliyoijenga juu ya Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Programu sina ugomvi nayo. Ninacholalamikia ni ile sura ya mwongozo inayohusu ukaguzi wa uadilifu wa data. Jinsi ilivyoandikwa, inamfanya msimamizi aamini analindwa mahali ambapo halindwi, na wakati huohuo inamkwamisha kazi mahali ambapo hakuna hatari yoyote.

Tulikuwa tunahamishia repo ya zamani (hifadhi ya msimbo pamoja na historia yake) kwenye seva mpya. Historia yake imepita kwenye zana za kila aina kabla ya kufika mikononi mwetu. Mwongozo unamtaka kila msimamizi awashe transfer.fsckObjects, swichi ya kukagua umbo la data inayopokelewa, nasi tulikuwa tumeiwasha. Seva ikaikataa repo kwa kosa la zeroPaddedFilemode. Kwa msomaji wa barua hii ambaye si mtu wa Git: kila folda huorodheshwa ndani ya historia pamoja na namba inayoonyesha kwamba hiki ni folda na si faili, na namba hiyo huandikwa 40000. Zana fulani za zamani ziliandika 040000. Sifuri moja ya mbele, basi. Msimbo uliomo ni uleule, hakuna kilichoharibika, ila umbo silo linalotakiwa. Na kuirekebisha sifuri hiyo maana yake ni kubadilisha hashi ya folda (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na maudhui yake), kisha hashi ya komiti iliyoibeba, yaani rekodi ya mabadiliko, kisha ya kila komiti iliyofuata mpaka ya leo. Kwa repo yenye lebo za matoleo ambayo tayari yako kwa watumiaji, hilo ni jambo la kusahau.

Tukarudi kwenye mwongozo wenu. Unasema kwamba ukitaka kosa fulani lipuuzwe, weka fsck.zeroPaddedFilemode kuwa ignore, na kwamba mpangilio huo unafanya kazi katika ukaguzi wote. Tukaweka. Tukaendesha git fsck, amri ya kukagua data iliyomo kwenye repo, ikapita kimya kabisa. Tukasukuma tena, seva ikakataa kwa ujumbe uleule.

Maelezo hayo ya mwongozo si ya kweli, na hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanzia. Git ina makundi matatu ya mipangilio ya namna hii. Yanayoanza na fsck yanahusu amri ya git fsck unapoiendesha mwenyewe. Yanayoanza na receive.fsck yanahusu data ambayo watu wanaisukuma kuja kwenye repo. Yanayoanza na fetch.fsck yanahusu data ambayo repo inaivuta yenyewe kutoka kwingine. Hayarithishani. Ukiweka la kwanza, hayo mengine mawili hayana habari nalo. Kinachowachanganya watu ni kwamba swichi za kuwasha ukaguzi zinarithishana: receive.fsckObjects na fetch.fsckObjects zisipowekwa, zote zinafuata transfer.fsckObjects. Mtu aliyekwisha kuona swichi moja ikitawala njia mbili ana kila sababu ya kudhani kwamba na mipangilio ya makosa iko hivyohivyo. Mwongozo wa Git wenyewe unalisema hili bila kuficha: anayetaka mwenendo mmoja kote aweke thamani zilezile kwenye makundi yote matatu. Nyinyi mmefupisha, na mlichokata ndicho msomaji alichokuwa anakihitaji.

Jedwali lenu la makosa nalo lina shida yake. Ni jedwali zuri, nakiri, limepangwa vizuri kuliko mengi niliyoyaona. Linaonyesha zeroPaddedFilemode kuwa ni onyo tu. Kwa git fsck, ni sawa. Lakini data inapopokelewa kwa mtandao, ukaguzi huendeshwa kwa ukali zaidi, na yale ambayo kwa kawaida ni maonyo hupandishwa daraja yakawa makosa ya kukataliwa, isipokuwa msimamizi ametamka vingine kwenye kundi linalohusika. Msimamizi akisoma jedwali lenu anaona onyo, akitazama skrini anaona kukataliwa, na hakuna mstari hata mmoja unaomweleza kwa nini. Jedwali hilo linahitaji safu ya pili.

Ongezeni pia habari ya majina yaliyokosewa. Ukiandika jina la kosa lisilojulikana kwenye kundi la fsck, amri inakatika papo hapo na unajua umekosea tahajia. Ukilikosea jina hilohilo kwenye receive.fsck au fetch.fsck, unapewa onyo tu na kazi inaendelea. Kwenye seva ambayo maonyo yanaishia kwenye faili la kumbukumbu lisilofunguliwa na mtu, hiyo ni sawa na kimya. Mwongozo wenu haugusi jambo hili.

Halafu kuna huu ushauri wa kuweka ignore. Mnautoa kama dawa ya kwanza, na ile njia ya skipList mmeitupa mwisho wa sura kwa mstari mmoja, wakati kwa repo kama yetu ndiyo njia ya busara. Ignore inanyamazisha kosa la aina hiyo kwa data yote, pamoja na itakayoingia kesho kutoka kwa mtu mwenye zana mbovu. SkipList ni faili lenye hashi za vitu vile vinavyojulikana tu, hashi nzima bila kufupishwa, moja kwa kila mstari. Vile vya zamani vinaruhusiwa kupita, na kipya chenye kasoro hiyohiyo kinazuiwa. Nayo inawekwa kwa kila kundi peke yake, kama nilivyoeleza juu. Sisi tulimaliza uhamishaji wetu kwa receive.fsck.skipList, na tuliijua njia hiyo kutoka nje ya mwongozo tunaoulipia.

Mpaka hapa hasara ni muda na kero. Linalonitia wasiwasi hasa ni upande wa kuvuta.

Sura yenu inaeleza kwamba ukaguzi ukiwashwa, data yenye kasoro haiingii kwenye repo, iwe imesukumwa au imevutwa. Kwa kusukuma, ni kweli: tangu Git 2.11, iliyotoka mwaka 2016, data inayosukumwa huwekwa kwanza karantini, yaani eneo la muda lililotengwa, na ikikataliwa inafutwa pamoja na eneo lake. Kwa kuvuta hakuna karantini ya namna hiyo. Vitu vinaweza kuandikwa kwenye hifadhi huku vikifunguliwa, hivyo inawezekana amri ya kuvuta ikashindwa na bado vitu vibaya vikabaki ndani, visivyoelekezwa na tawi lolote. Ukirudia kuvuta, kinachokaguliwa ni kile kipya kinachoingia, na vilivyokwisha kuandikwa havirudiwi. Basi safari ya pili inaweza kupita salama ikiwa na kilekile kilichokataliwa safari ya kwanza. Nalo hili limeandikwa wazi kwenye mwongozo wa Git. Wenu unaahidi kinyume chake.

Sasa oanisheni hilo na jibu tulilopewa na mhudumu wenu tulipofungua tiketi. Alituambia kosa la ukaguzi likitokea wakati wa kuvuta, turudie amri, na ikipita tuhesabu kuwa ilikuwa hitilafu ya mtandao. Simlaumu yeye binafsi, maana alikuwa anasoma mwongozo huohuo. Lakini ushauri huo ni kama kumwambia mlinzi kwamba mgeni aliyekataliwa getini akionekana tena yuko sebuleni, basi mambo yamekwisha kurekebishwa. Na hitilafu ya mtandao haina uhusiano na jambo hili. Git hukokotoa hashi ya kila kitu inachopokea na huhakiki jumla ya pakiti nzima, hata kama fsckObjects imezimwa. Data ikivurugika njiani inagundulika hapo. Ukaguzi wa fsckObjects unatazama kitu kingine kabisa: je, kitu hiki, hata kama kimefika kizima kama kilivyotumwa, kina umbo halali na hakina hila ndani yake?

Kuchanganya kazi hizi mbili kumesambaa sura nzima. Aya ya utangulizi inamfanya msomaji adhani kwamba bila swichi hii Git haihakiki chochote, kisha aya ya mbele inamfanya adhani kwamba kwa kuwa kuna hashi, ukaguzi tayari upo. Zote mbili zinapotosha. Hashi zinahakikiwa siku zote. Ukaguzi wa umbo wakati wa kupokea data, kwenye Git ya kawaida, umezimwa mpaka mtu auwashe. Kama programu yenu inauwasha yenyewe au haiwashi, hilo nalo halijaandikwa popote, nami nimelazimika kuligundua kwa kutazama faili la mipangilio kwenye seva.

Si jambo la nadharia. Mnamo Mei 2018 ilitangazwa hitilafu ya usalama yenye namba CVE-2018-11235, ambapo jina la moduli ndogo (repo nyingine iliyounganishwa ndani ya repo) lililoandikwa kwa ujanja kwenye faili la .gitmodules liliweza kusababisha msimbo wa mshambuliaji uendeshwe kwenye kompyuta ya mtu anayenakili repo pamoja na moduli zake. Marekebisho yalipotoka, ukaguzi wa fsck uliongezewa uwezo wa kuyatambua majina hayo, ili seva zenye receive.fsckObjects ziyakatae mlangoni na kuwakinga hata watumiaji ambao hawajasasisha programu zao. Hashi za repo ya namna hiyo zote zingekuwa sahihi. Ndiyo maana nasema msimamizi anastahili kujua kwa hakika ni mlango upi umefungwa na upi umerudishiwa tu.

Ninayoomba ni haya. Ile ahadi kwamba mpangilio wa fsck unafanya kazi katika ukaguzi wote iondolewe leo, hata kabla ya kuandika upya sura yenyewe. Mahali pake mnaweza kuweka maneno haya, nawapa bure: "Mpangilio huu unahusu git fsck pekee. Kwa data inayosukumwa tumia receive.fsck, na kwa data inayovutwa tumia fetch.fsck. Hakuna linalorithi kutoka kwa lingine." Aya ya kuvuta iseme wazi kwamba hakuna karantini, na iwape njia wale wanaoakisi repo za nje wasizoziamini, yaani wanaotunza nakala zake kwao: vuta kwanza kwenye repo ya pembeni, kisha isukume kutoka hapo kwenda repo nyingine ya ndani yenye receive.fsckObjects, na watumiaji wachukue kwenye hiyo ya pili. Asiyeweza hivyo afunge repo ya pembeni mpaka git fsck kamili imalizike, na pasiwe na uvutaji mwingine katikati. Aelezwe pia thamani ya awali ya kila swichi katika programu yenu, toleo kwa toleo.

Zaidi ya hayo, naomba wateja wanaotumia huduma yenu ya kuakisi repo watumiwe taarifa. Kuna watu waliofuata ushauri wa kurudia amri ya kuvuta ambao hawana habari kwamba wanahitaji kuendesha git fsck kwenye hifadhi zao. Kusahihisha ukurasa kimyakimya hakutawafikia.

Nimeambatisha nakala ya tiketi, ujumbe wa kosa, na kurasa husika za mwongozo wenu zikiwa na mistari yenye tatizo niliyoiwekea alama. Nasubiri jibu la maandishi kutoka kwa anayesimamia mwongozo, si jibu la kujiendesha la kituo cha huduma. Mkataba wetu unakaribia kuhuishwa, na nimeombwa na ofisi nitoe maoni yangu kabla ya hapo.

Wenu katika kazi,

Msimamizi wa seva ya msimbo
(Jina na namba ya mkataba vimo kwenye tiketi iliyoambatishwa)