Huku Sina Mtani

Newala,
Ijumaa jioni

Mtani wangu Mangi,

Salaam sana. Naamini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba shamba la migomba bado hujaliuza kulipia ada. Mimi ni mzima. Kilichonitoa katika kimya changu ni msiba.

Wiki iliyopita mwenzetu wa Jiografia, mtu wa Kagera, alifiwa na mama yake. Kwa umbali ule hakuweza kuwahi mazishi, hivyo tukakaa matanga kwenye nyumba yake ya shule. Walimu walichanga, na wanakijiji wakaleta mihogo, kuni na madumu ya maji, nawe unajua dumu moja lina thamani gani kiangazi juu ya uwanda huu wa Makonde. Hakuna lililokosekana kwa upande wa heshima. Hata hivyo msiba ule ulikuwa kimya mno, na usiku ndipo nilipotambua sababu: mfiwa hakuwa na mtani hata mmoja.

Unakumbuka tulipomzika baba kule Same, mlivyolizuia jeneza mlangoni mkidai kwamba marehemu hajamaliza kesi yake ya kuku na hatoki mpaka wanawe walipe? Mama, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu siku iliyotangulia, alicheka, kisha akaomba uji. Huku hakuna mwenye haki ya kunifanyia hivyo. Wenyeji wana watani wao, na wakianza kurushiana maneno ya Kimakonde ofisini, sisi wa kuja tunainamia maandalio ya masomo kana kwamba mkaguzi yuko mlangoni. Wananiita mwalimu mgeni, tena kwa upole, na mgeni hataniwi. Vikaoni tunahimizwa kuvumilia. Nyumba inayovuja na malimbikizo yasiyolipwa nimeyavumilia, lakini hili halina hata fomu ya kujaza!

Sasa kuna mwalimu wa Mwanga, kwetu Upare, anayetaka kumfuata mumewe huku, na tumekubaliana kubadilishana vituo. Kilichobaki ni kuingiza maombi kwenye mfumo. Nilikuwa nimeshaamua. Lakini juzi mlinzi wetu, mzee Mmakonde, aliniuliza mbele ya ofisi nzima kama ni kweli Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Walimu wote walinyamaza wakinitazama. Nikamjibu kwamba ng'ombe tunaweza kumuuza, ila mlinzi mmbea tunamshtaki bure, na ofisi ikaangua kicheko. Tangu siku hiyo mwalimu wa zamu hunisalimu kwa kuniuliza habari za kuku, nami maombi sijayagusa.

Je, ungekuwa wewe ungeondoka? Shule za Mwanga za siku hizi unazijua? Na mbona wewe uliye nyumbani uliniambia kwamba unakwepa ofisi ya walimu na kunywa chai peke yako darasani? Kuna nini huko? Nijibu kabla shule hazijafungwa, kwa maana yule mama wa Mwanga ananipigia simu kila jioni.

Ni mimi,
Mpare wako