Mwanangu, yule kinyonga anataka mwanga

Marahaba mwanangu, sie huku Ujiji wazima kabisa. Picha za kinyonga wa huko Sikonge nimeziangalia zote, nimefurahi kweli, ila karibu zote zina blaa, yaani zimefifia, na lenzi yako mama haina tatizo lolote, tatizo ni mwanga.

Sikia, ukimsogelea mdudu mpaka akae kwenye sensa (kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) kwa ukubwa wake halisi, hata ukibana tundu la lenzi mpaka f/11 (namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo) sehemu inayotoka kali ni kama milimita 1 tu, ndo maana mdomo wa kinyonga umetoka safi af jicho limefifia. Wengi hapo wanabana mpaka f/22, mi sikushauri, mwanga ukipita kwenye tundu dogo vile unatawanyika na picha nzima inalegea. Baki f/8 mpaka f/11. Sasa hapo giza linaingia, ukipunguza spidi ya shata (kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga) mkono unatikisika, ukipandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, chenga zinajaa, kwahiyo washa flashi hata kama ni saa sita mchana.

Weka manual, yaani upange mwenyewe, ISO 200, shata 1/160 ya sekunde, flashi nguvu ya chini, maana flashi ikiwa chini inamulika kwa muda mfupi mno, unaweza ukawa chini ya 1/10000 ya sekunde, hata panzi akitikisa antena zinaganda. Ila usipige flashi kavu!! Kata kipande cha dumu jeupe la plastiki kiwe kati ya flashi na mdudu, tena kikae karibu naye kabisa, bila hivyo mgongo wa chura uliolowa unapata doa jeupe limeungua na hilo hata uedit usiku kucha halirudi. Angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera, isigonge ukuta wa kulia, upande wa mweupe.

Fokasi usiihangaikie na ringi ya lenzi, iache hapo hapo, egemeza viwiko magotini uyumbe taratibu mbele nyuma, jicho likikaa kwenye fokasi bonyeza, piga nyingi tu. Na amka mapema, asubuhi wadudu wana baridi hawakimbii. Wapo wanaowaweka kwenye friji watulie, mi hiyo sitaki kuisikia kabisa.

Ukipiga tena nitumie WhatsApp kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa af nashindwa kujua kama jicho limekaa.

Baba yako