Mti wa gorila usio na namba

Ndugu Mhariri,

Mchoro wa mti wa ukoo wa gorila wa hifadhi ya Kahuzi-Biega mliouchapa unapendeza macho, lakini maungio yake, pale matawi yanapokutana, hayana namba hata moja ya kuonyesha yanaaminika kiasi gani. Programu ya kuchora miti haijui kunyamaza: ukiipa takataka, mti utaupata vilevile.

Kompyuta inahitajika kwa sababu ya wingi wa miti inayowezekana. Spishi 4 huunganika kwa njia 3 tu, kabla ya kuweka mzizi, yaani mahali ukoo unapoanzia. Zikiwa 10, njia ni 2,027,025. Zikifika 20, hakuna mashine ya kuzipima zote, kwa hiyo programu huanza na mti mmoja, huhamisha matawi, na kubaki na ule unaoafikiana zaidi na herufi za ADN. Kisha huokota upya safu wima za herufi hizo kwa bahati nasibu, mara 1000 kwa kawaida, na kujenga mti kila mara. Namba kwenye ungio husema limejirudia mara ngapi katika kila 100. Chini ya 70 hatuliegemei. Kwa njia ya haraka ya IQ-TREE, mojawapo ya programu hizo, tunadai 95.

Kwa gorila, matatizo huanza kabla ya kompyuta. ADN ya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati, nje ya kiini) inayotolewa kwenye mavi au nywele huchanganyika na nakala zake za zamani zilizohamia kwenye kromosomu za kiini, na gorila anazo nyingi. Nakala moja ikipenya, ndugu wa familia moja wataonekana wa koo mbili. Kwenye jeni ya mitokondria iitwayo sitokromu b, tafsiri herufi kuwa protini. Alama ya kukomea, inayoamuru protini iishie, ikitokea katikati, hiyo ni nakala ya kiini: itupe. Lakini sehemu ya mitokondria ambayo watafiti wa gorila huipenda zaidi haitengenezi protini, na hapo kipimo hicho hakisaidii. Inabidi kunakili kipande kirefu cha ADN, maana nyingi ya nakala hizo ni fupi.

Mkichapa tena, wekeni namba. Onyesheni pia sokwe au mtu alipounganishwa, maana bila kiumbe wa nje ya kundi la gorila mzizi unabahatishwa na hatujui nani alitengana kwanza. Na mtaje kipande cha ADN kilichotumika: kama ni mitokondria peke yake, mliouchora ni ukoo wa upande wa mama tu.

Walimu wa biolojia,
Bukavu