Kinda wa chiriku hafundishwi kwa simu

Mhariri,

Wapo hapa Malindi wanaomtoa kinda wa chiriku kiotani, wakamtia tunduni peke yake, kisha wakashangaa akikua anatoa milio isiyo na mbele wala nyuma. Dawa yao ni simu inayoimba kutwa. Tuache kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali. Dawa yenyewe haifai.

Kuku na tetere huzaliwa na milio yao. Chiriku, kanari na finchi hujifunza, kama kasuku. Aliyechunguzwa zaidi ni finchi-pundamilia wa Australia, anayezalishwa tunduni. Tangu siku ya 25 hivi hadi ya 65 baada ya kuanguliwa, dume mchanga huhifadhi wimbo wa dume mzima anayeishi naye. Karibu siku ya 35 huanza kubwabwaja, akijisikiliza na kujirekebisha. Kufikia siku ya 90 wimbo umeganda, habadili tena. Kanari yeye huendelea kuubadilisha hata ukubwani.

Ubongoni mwa finchi huyu vituo vya wimbo, HVC na RA, ni vikubwa mno kwa dume kuliko kwa jike. Watafiti Nottebohm na Arnold walilionyesha hilo 1976. Jike haimbi kabisa, hivyo aliyeuziwa jike amdai mwuzaji, asimsumbue ndege. Kituo kingine, LMAN, ndicho kinachomfanya kinda ajaribujaribu sauti. Kikiharibiwa utotoni, wimbo hudumaa. Kikiharibiwa baada ya wimbo kuganda, hauguswi.

Basi mwacheni kinda na baba yake mpaka siku ya 90. Mkimlelesha kwa finchi wa Bengali, ndege wa aina nyingine, ataimba wimbo wa walezi. Na simu? Sauti isiyo na ndege mbele yake hufunza kwa shida, na majaribio yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba wimbo ukirudiwa mno kwa siku, kinda huuiga vibaya zaidi.

Usiku tundu liwe gizani, taa na redio zizimwe, kwa kuwa usingizi ni sehemu ya somo. Wimbo wa alfajiri ukisikika umevurugika kuliko wa jana jioni, msidhani anaharibika: katika utafiti wa 2005, makinda waliovurugikiwa zaidi asubuhi ndio waliokuja kumwiga mwalimu vizuri zaidi.

Wafugaji wa ndege,
Malindi