Anayezimika ghafla baa si lazima awe amelewa

Kwa Mhariri,

Kila mara gazeti linapochapisha habari za mwanamume aliyeamka katika chumba cha gesti bila simu wala pochi, na akaunti yake ya M-Pesa ikiwa tupu, wasomaji hucheka kwanza. Hata jina tulilolipa jinai hii ya kumtilia mtu dawa katika kinywaji ili aibiwe, hapa Nairobi, yaani mchele, ni la mzaha. Nilihudumu katika baa za jiji hili kwa miaka kumi na mmoja, na naomba nafasi niseme kwamba kicheko hicho ndicho kinachowakinga wahalifu, kwa kuwa aliyeibiwa huona heri apoteze mshahara wa mwezi mzima kuliko kueleza polisi, au mkewe, alikuwa wapi na nani.

Usiku mmoja mteja niliyemjua vizuri, mtu wa bia mbili kisha nyumbani, alianza kuyumba na ulimi wake ukawa mzito kabla hajamaliza ya pili. Wanawake wawili walioketi naye walituambia, kwa utulivu kabisa, kwamba huyo ni shemeji yao, amechoka tu, nao wangemfikisha kwake. Mimi na mwenzangu tulimbeba hadi kwenye teksi. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Siku tatu baadaye alirudi kutuuliza aliondoka na nani, nikakosa la kumjibu.

Dawa zinazotumika aghalabu ni za usingizi na za kutuliza wasiwasi, za jamii ya benzodiazepini, ambazo kisheria hazipaswi kuuzwa bila cheti cha daktari. Mtu asidhani atazitambua kwa ladha au rangi. Ni kweli kwamba kampuni ya Roche iliibadilisha Rohypnol, mojawapo ya dawa hizo, mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kidonge chake kikiyeyuka kitoe rangi ya samawati, lakini nani ataiona rangi hiyo ndani ya chupa ya kahawia, gizani, muziki ukivuma? Zikichanganyika na pombe, dawa hizi hudhoofisha upumuaji, na wapo wasioamka tena. Aliyezimika alazwe kwa ubavu asije akapaliwa na matapishi, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali.

Sisi wahudumu humuuliza mteja kama anataka bia baridi au moto, kisha tunaifungua mbele ya macho yake. Desturi hiyo ni kinga nzuri, ila wengi huipoteza dakika kumi baadaye wanapoacha glasi mezani na kwenda msalani au kucheza, mzinga wa kuchangia, yaani chupa kubwa ya pombe kali, ukibaki na watu waliojuana nao usiku uo huo. Wanywaji wa soda wasijione salama, kwani nayo hutiliwa.

Aliyeamka na kushuku kwamba alitiliwa dawa asisubiri aibu impungukie ndipo akapimwe, kwa sababu baadhi ya dawa hutoweka katika mkojo kabla ya siku moja kuisha. Ikiwa amebakwa, awe mwanamke au mwanamume, dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Polisi nao wakumbuke kwamba kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu kinamtishia kifungo cha maisha anayemlevya mwingine kwa dawa ili atende uhalifu. Mteja wetu yule alipofika kituoni aliambiwa tu apunguze pombe.

Serikali za kaunti ndizo zinazotoa leseni za baa. Naziomba ziweke sharti kwamba kila mhudumu afunzwe dalili hizi kabla ya kukabidhiwa trei, na kwamba mteja aliyezimika asitolewe mlangoni na mtu yeyote, hata akidai kuwa shemeji, mpaka meneja ampigie simu jamaa wa mteja huyo na kuandika nambari ya gari litakalomchukua. Kazi hiyo haizidi dakika tano, na usiku ule tulikuwa na muda huo.

Mhudumu wa zamani wa baa,
Nairobi