Kitufe cha F5

Mpendwa Salim,

Salamu nyingi, na mama mfikishie shikamoo yangu. Unauliza nimepotelea wapi wiki mbili hizi. Ndugu yangu, nimeshikwa na kitufe kimoja tu: F5.

Unaikumbuka ile programu ya duka la dawa za jumla, ya C++ na MFC (maktaba ya Microsoft ya kujengea madirisha ya Windows)? Mwenye duka alitaka fomu ya mauzo ya kisasa, nikaing'oa ya zamani nikapachika WebView2, yaani kivinjari cha Edge ndani ya programu, mahali pake. Ikapendeza kweli. Siku ya kwanza dada wa kaunta akaingiza dawa 17, akabonyeza F5 ahifadhi, kama alivyozoea miaka yote. Ukurasa ukajipakia upya, fomu ikawa nyeupe pee. Hakusema neno, alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Nikahangaika siku mbili ndani ya PreTranslateMessage, pale MFC inapokagua vitufe kabla havijafika kwenye dirisha, maana huko ndiko F5 ilikokuwa ikikamatwa tangu zamani. Hakuna kilichopita. Kumbe WebView2 inaendeshwa kwenye mchakato wake yenyewe, wa kivinjari. Mtu akiwa anaandika mle ndani, kitufe hakigusi mlango wetu kabisa. Na kivinjari kinachojua ni kwamba F5 ni kupakia upya. Hakina kosa.

Dawa yake ni tukio la AcceleratorKeyPressed. Kabla ya kutumia kitufe, kivinjari kinakuuliza kwanza. Ukikitaka, unaita put_Handled(TRUE) na kitufe ni chako. Herufi za kawaida hazikusumbui, ni F5 na wenzake, Esc, na vinavyobonyezwa pamoja na Ctrl au Alt. Ila usifungue kisanduku cha ujumbe humo humo, kivinjari kimesimama kinakusubiri. Mimi natuma PostMessage, ujumbe unaosubiri zamu yake, kwa dirisha kuu, basi. Halafu kagua WasKeyDown, inayosema kama kitufe kilikuwa tayari kimebonyezwa, la sivyo mtu akikawiza kidole, mauzo yaleyale yanahifadhiwa mara nne. (Najua kwa sababu yalihifadhiwa.)

AreBrowserAcceleratorKeysEnabled, inayoruhusu njia za mkato za kivinjari, nayo nimeizima, Ctrl+R isije ikaniletea balaa lilelile. Ctrl+C na Ctrl+V zinafanya kazi kama kawaida.

Imebaki Tab. Ikifika mwisho wa fomu inarudi mwanzo, haitoki kwenda kwenye kitufe chetu cha "Funga". Nadhani dawa ni MoveFocusRequested, tukio la mtu anapotaka kutoka nje kwa Tab, bado sijaigusa. Wewe umewahi? Nijibu kabla ya Jumatatu, dada wa kaunta anarudi zamu.

Wako,
Juma